Kozi Wachanga kwenye Majabali ya Malindi

Malindi haina majabali marefu. Anayetembea ufukweni kutoka nguzo ya Vasco da Gama kuelekea kusini, akapita Silversands na Mayungu hadi Watamu, hukutana na mwamba wa matumbawe ya kale wenye ncha kali, ulioliwa na mawimbi upande wa chini hadi sehemu ya juu ikabaki imening'inia juu ya maji. Kimo chake ni mita chache tu. Matumbawe hayo yaliota baharini zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, wakati usawa wa bahari ulipokuwa juu kuliko ulivyo leo, na maji yaliposhuka yakaachwa nchi kavu yakawa jabali. Mtu aliyezoea picha za kozi, yule ndege mwindaji, zinazopigwa katika majabali ya Uingereza au California, ambako ukuta wa mawe hupanda wima kutoka baharini, huenda akaudharau mwamba wetu. Mimi nimeufanya kuwa mahali pangu pa kutazama na kupiga picha ndege wawindaji, kwa sababu kila mwaka, kuanzia mwisho wa Oktoba hadi Desemba, hutua hapo kozi wachanga ambao mwezi wa Agosti walikuwa bado mayai au vifaranga katika majabali ya bahari nyingine.

Ninaowakusudia hasa ni wa aina mbili. Wa kwanza ni Falco concolor, kozi wa kijivu, anayezaliana katika visiwa na majabali ya Bahari ya Shamu na ya Ghuba ya Uajemi, na pia katika visiwa vidogo vya Oman vilivyo karibu na Maskati. Wa pili ni kozi wa Eleonora, mkazi wa majabali ya Mediterania, ambaye sehemu kubwa ya jamii yake yote duniani huzaliana katika visiwa vya Ugiriki. Jina lake limetokana na Eleonora wa Arborea, mtawala wa Sardinia wa karne ya 14, ambaye sheria zake ziliwalinda kozi na viota vyao. Mtawala wa namna hiyo angetufaa sana hapa kwetu, lakini hayo ni mazungumzo ya siku nyingine.

Kozi hawa wawili wana desturi moja inayowatenga na ndege wengi wa kaskazini. Wenzao hutaga mara tu baridi inapokwisha, lakini wao husubiri hadi Julai na Agosti, katikati ya joto kali, ili makinda yao yaanguliwe wakati uleule ambapo ndege wadogo wa Ulaya na Asia wanaanza safari ya kuja Afrika. Mbayuwayu, keremkerem, hudihudi na wengineo hulazimika kuvuka bahari, hufika karibu na visiwa wakiwa wamechoka, na hapo kozi wazazi huwa wanawangojea juu ya maji. Kozi wa Eleonora hufanya hivyo kwa pamoja: alfajiri madume hupanda juu ya bahari, wakaelekea upepo, wakasimama hewani kila mmoja mahali pake, na ndege mdogo anayemkwepa wa kwanza humwangukia wa pili. Kozi wa kijivu hutaga mayai mawili au matatu juu ya udongo mtupu, chini ya jiwe au ndani ya ufa wa mwamba, mahali popote penye kivuli, kwa maana jua la Agosti katika visiwa vile linaweza kumuua kifaranga aliyeachwa wazi. Mayai huatamiwa kwa karibu mwezi mmoja, na makinda hukaa kiotani muda unaokaribiana na huo. Anaporuka kwa mara ya kwanza kinda huwa ameshaikuta Septemba ikiisha au Oktoba ikiendelea, na baada ya wiki chache tu anatakiwa kuondoka kwenda Madagaska, kisiwa ambacho hajawahi kukiona.

Wengi wao hawapiti kwetu. Vifaa vya setilaiti ambavyo watafiti wamewafunga mgongoni vimeonyesha kwamba njia kuu ya kozi wa kijivu wa Ghuba hupita bara, juu ya Ethiopia, Kenya na Tanzania, kabla ya kuvuka Mlango wa Msumbiji, na wale wa Eleonora nao hukata bara la Afrika kutoka Sahara hadi upande wetu wa mashariki. Wanaofika ufukweni mwa Malindi ni wachache na huja na mvua. Vuli inapoloanisha ardhi, kumbikumbi hutoka kwa wingi, na wakati wa safari kozi hawa huishi kwa wadudu zaidi kuliko kwa ndege: humkamata kumbikumbi kwa kucha, huinamisha kichwa na kumla papo hapo hewani bila kutua. Jioni inayofuata mvua kubwa, anga la Gede na la ukingo wa msitu wa Arabuko-Sokoke huwa na mabawa marefu yaliyochongoka yakizunguka bila haraka, na asubuhi yake mmoja au wawili huweza kukutwa wamekaa kwenye mvinje mkavu au kwenye ukingo wa jabali wakiyakausha manyoya.

Katika makundi hayo ya jioni huwamo pia kozi wa Amur, ambaye nisipomtaja nitakuwa nimemdhulumu, ingawa yeye hakuzaliwa kwenye jabali bali juu ya mti wa Siberia au wa kaskazini mwa China, mara nyingi katika kiota kilichoachwa na ndege wa jamii ya kunguru. Ndege huyu, ambaye ukimweka kiganjani ni mwepesi kupita unavyodhani, huvuka Bahari ya Arabu kutoka India, zaidi ya kilomita 3,000 bila pa kutua, akisukumwa na upepo uleule wa kaskazi ulioleta majahazi kutoka Gujarat na Maskati. Mwaka 2013 watafiti waliwafunga vifaa vya setilaiti kozi 3 wa aina hii huko Nagaland, India, mahali ambapo mwaka uliotangulia maelfu kwa maelfu yao walikuwa wakinaswa kwa nyavu na kuuzwa kama kitoweo. Wanakijiji wakageuka walinzi, na dunia ikaweza kufuata safari ya ndege hao hadi Afrika. Msimu huohuo kereng'ende nao huvuka bahari ile kwa upepo ule, na inadhaniwa kwamba ndio chakula cha kozi wakiwa njiani. Wakazi wa Malindi wanaoona kereng'ende wakijaa uwanjani mwa nyumba zao kabla ya mvua wana sababu nzuri ya kuinua macho juu.

Wa mwisho ni kozi mkubwa, Falco peregrinus. Huyu ndiye anayepigwa picha zaidi kuliko wote duniani, na ndiye ambaye makinda yake hukaa kwenye majabali ya pwani za nchi za nje mbele ya safu za watu wenye kamera. Huko kinda huruka akiwa na umri wa wiki sita hivi, dume huwa ametangulia siku chache kabla ya dada yake aliye mkubwa kwa umbo, kisha kwa miezi kama miwili wazazi huwafundisha kwa kuwaletea windo na kuliachia hewani ili walidake. Anayekuja kwetu ni wa jamii inayozaliana tundra, nyika baridi isiyo na miti, ya kaskazini ya mbali, naye akifika huwa tayari hana mzazi wala ndugu. Mimi humwona zaidi kwenye mdomo wa mto Sabaki na kwenye hori ya Mida, akiwasumbua vitwitwi maji yanapojaa na kuwasonga pamoja kwenye mchanga uliobaki.

Sasa nije kwenye picha zenyewe, kwa sababu hapo ndipo ninapotofautiana na wapiga picha wengi ninaokutana nao. Picha inayopendwa ni ya kozi akiruka: mabawa yamekunjwa, kucha zimetangulia, windo liko mbele yake. Mimi picha hiyo nimeacha kuitafuta. Siikatai ikijileta, na kamera yangu huwa tayari kwenye kasi ya shata ya 1/2000 ya sekunde asubuhi yote, lakini kwa kinda anayepita pwani yetu picha yenye faida ni ile ya ndege aliyetulia juu ya mwamba, ubavu wake ukielekea lenzi, mgongo, uso, mkia na miguu vikionekana bila kufichwa. Sababu yangu ni kwamba kinda ni wa kusomwa, na maandishi yake yako kwenye kingo za manyoya.

Chukua kozi mkubwa. Aliyekomaa ana mgongo wa rangi ya slati na mistari myembamba iliyolala tumboni. Mchanga ana mgongo wa kahawia, kila unyoya ukiwa na ukingo mwepesi wa rangi ya mchanga, na tumboni michirizi husimama wima badala ya kulala. Ngozi inayozunguka jicho na ile iliyo juu ya mdomo huwa ya manjano kwa aliyekomaa, lakini kwa mchanga ina ubuluu au ukijani. Mambo hayohayo hurudi kwa kozi wa kijivu. Aliyekomaa ni kijivu kitupu kuanzia utosini hadi mkiani, miguu na ngozi ya uso zikiwa manjano, hata mgeni wa mambo haya humtambua akimwona kwa karibu. Mchanga ni mtihani, kwa kuwa kifua chake kina rangi ya malai yenye michirizi ya kijivu iliyofifia, mashavu ni meupe yanayoelekea manjano, na kwa mbali anafanana mno na mchanga wa Falco subbuteo, kozi mwingine wa Ulaya na Asia anayepita Kenya miezi hiyohiyo. Kozi wa Amur mchanga hujitambulisha kwa miguu yake yenye rangi ya machungwa. Mchanga wa Eleonora hutambulikana kwa urefu wa mabawa na mkia na kwa weusi ulio chini ya bawa upande wa mbele, ambao akiwa amekaa hauonekani kabisa. Kwa huyo nakubali kwamba lazima umngoje aruke. Kingo hizo nyepesi za manyoya hazidumu. Jua na chumvi huzichakaza, na kabla ya mwaka kwisha manyoya yenyewe huanza kubadilishwa, kwa hiyo picha ya Novemba hubeba habari ambayo picha ya Machi haiwezi kuibeba.

Kumpata akiwa ametulia kunategemea mwanga na maji, na hapa pwani yetu ina ukaidi wake. Inatazama mashariki. Asubuhi, anayesimama juu ya jabali na kutazama baharini hupigwa na jua usoni, na kila ndege huonekana mweusi. Alasiri jua huhamia nyuma yake, lakini wakati huo uso wa jabali unaotazama bahari umeshaingia kivulini. Njia ninayoipenda ni kushuka kwenye mwamba wa chini maji yakiwa yametoka, kuipa bahari mgongo, na kulitazama jabali kutoka upande wa maji huku jua la asubuhi likiliangaza lote. Tatizo ni ratiba ya mwezi. Siku za bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita siku nyingine, maji hufika mwisho wa kupwa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na saa hiyo jua limeshapanda, kivuli cha nyusi za ndege kimelifunika jicho, na joto linalotoka kwenye mwamba hulifanya umbo lake litetemeke mbele ya lenzi hata fokasi ikiwa sahihi. Siku za maji mafu nazo maji hayatoki vya kutosha kuacha pa kusimama. Hivyo mimi huchagua siku mbili au tatu kabla ya bamvua, ambapo kupwa huangukia kati ya saa mbili na saa tatu, nikikumbuka kwamba kila siku huchelewa kwa karibu dakika 50. Asiyekuwa na jedwali la maji awaulize wavuvi, nao watamjibu kwa kuhesabu mwezi. Na aiangalie saa yake, kwa sababu wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4, na chini ya jabali lililoliwa hakuna njia ya kupanda. Ukichelewa utazungukwa ukiwa na mzigo wa kamera begani.

Kuhusu vyombo sina mengi. Lenzi ya milimita 400 inatosha kama mpiga picha ana subira, na hapa adui mkubwa wa lenzi ni chumvi, si umbali. Kusi au kaskazi ikivuma, rasharasha ndogo zisizoonekana hutanda kwenye kioo, na ukizifuta kwa kitambaa kikavu utakikwaruza. Mimi hubeba chupa ya maji matamu na kitambaa laini, nikalowesha kwanza. Jambo jingine ni kuongeza mwanga kwa makusudi, kwa kuwa kamera ikiachiwa iamue yenyewe mbele ya anga jeupe humfanya ndege kuwa kivuli, na zile kingo za manyoya tulizozifuata zikapotea.

Umbali ndio jambo ambalo huzungumzwa sana na kufuatwa kidogo. Kozi mchanga aliyetua kwenye jabali la Mayungu ameshasafiri maelfu ya kilomita kwa mabawa ambayo bado anajifunza kuyatumia. Hata kwa kozi mkubwa, ambaye maisha yake yamechunguzwa kwa muda mrefu, kwa kawaida zaidi ya nusu ya makinda hufa kabla ya kutimiza mwaka, na wengi hufa kwa njaa tu, kwa kukosa ustadi wa kuwinda. Kila mara anapoinuliwa na mtu aliyetaka hatua tano zaidi, hutumia nguvu ambayo atalazimika kuilipa kwa windo ambalo pengine hatalipata. Ndege mwenyewe hutoa taarifa kwa anayejua kutazama. Akiinua na kushusha kichwa mara kwa mara, anapima umbali ulio kati yenu. Akibana manyoya mwilini akarefusha shingo, amekwisha kukuhesabu kuwa hatari. Akinya kisha akainama mbele, picha uliyokuwa ukiitaka imekwisha, kwa sababu sekunde inayofuata hayupo. Kinyume chake, kozi aliyefura manyoya, amesimama kwa mguu mmoja na kufumba jicho, hana habari nawe, na ukibaki pale ulipo utapata picha kadiri upendavyo. Kanuni yangu ni kusimama kabla ya dalili ya kwanza na kukaa chini. Mtu aliyekaa humtisha ndege kidogo kuliko aliyesimama. Droni siitaki kabisa karibu na ndege hawa, hata ikiwa na kibali.

Asubuhi moja huko Mayungu nilimkuta mvuvi wa mshipi aliye mzee kuliko baba yangu, amejikunja kwenye ukingo wa mwamba na ndoo yake pembeni. Nilimwamkia, "Shikamoo babu," naye akaitikia, "Marahaba, mjukuu wangu," kisha bila kugeuka akanielekeza kwa kidevu upande wa mvinje mkavu uliokuwa nyuma yetu. "Huyo mgeni wako yupo pale tangu alfajiri. Kunguru wamemsumbua, hajala kitu. Usimwendee."

Nilimuuliza kama huwaona kila mwaka. "Huja maji ya vuli yakianza kunyesha, kaskazi ikishika hawapo. Hawa si wetu, wapita njia."

Sikumwendea. Nilikaa kando ya mzee, umbali mkubwa kuliko ambao ningeuchagua mwenyewe, na picha nilizopata zilimwonyesha ndege kuwa mdogo sana. Lakini nilipozikuza, mashavu ya manjano hafifu na michirizi iliyofifia kifuani vilitosha kunihakikishia kwamba ni kozi wa kijivu wa mwaka wa kwanza. Kuhusu kunguru mzee alisema kweli. Kunguru wa bara Hindi, ambao waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na kutoka huko wakatapakaa pwani yote, huwashambulia ndege wawindaji kwa makundi, na kozi mkubwa kiumri huwaacha kwa kupanda juu kwa mabawa machache, wakati mchanga hujibanza kwenye tawi au ndani ya ufa wa mwamba na kuvumilia. Nimeona mara nyingi kwamba kelele za kunguru ndizo zinazonionyesha mahali alipo kozi. Ni msaada ambao siufurahii.

Nilisema picha ya ndege aliyetulia ina faida, na huenda msomaji akauliza ni faida gani, maana hata kwenye simu haivutii watu. Mfano ninaoupenda ni wa Derek Ratcliffe, mwanasayansi wa Uingereza ambaye mwaka 1967 alionyesha kwamba maganda ya mayai ya kozi mkubwa yalikuwa yamekuwa mepesi na dhaifu kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, wakati DDT, dawa ya kuua wadudu, ilipoanza kutumika mashambani. Aliweza kujua hilo kwa kuyapima mayai yaliyokuwa yamekusanywa na watu binafsi miaka mingi nyuma. Kukusanya mayai kulikuwa burudani mbaya na sitaitetea, lakini waliokusanya waliandika tarehe na mahali, na maandishi hayo ndiyo yaliyotoa ushahidi ambao wao wenyewe hawakujua kwamba wanaushika. Marekani ilipiga marufuku DDT mwaka 1972, na mwaka 1999 kozi mkubwa aliondolewa katika orodha ya nchi hiyo ya ndege walio hatarini kutoweka.

Kwetu mambo yameelekea upande mwingine. Mwaka 2022 ulichapishwa uchunguzi ulioongozwa na Darcy Ogada, ambao ulilinganisha ndege wawindaji waliohesabiwa kandokando ya barabara za Kenya katika miaka ya 1970 na waliohesabiwa baada ya mwaka 2000, na kati ya spishi au makundi ya spishi 22 yaliyoweza kulinganishwa, 19 yalikuwa yamepungua. Huo nao ulitegemea watu walioendesha magari barabarani miaka hamsini iliyopita na kuandika walichokiona, hata siku walizoona kidogo. Kozi wa kijivu, ambaye visiwa vyake vya kuzalia vinaendelea kuvamiwa kwa ujenzi, kwa panya na kwa wageni wa matembezi, IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi wa mazingira, imemhesabu miongoni mwa spishi zilizo hatarini. Njia moja ya kujua kama makinda bado yanazaliwa ni kuhesabu wachanga kwa wakubwa katika safari, na hesabu hiyo haiwezekani kwa picha ya kivuli chenye mabawa mazuri mbele ya jua linalochomoza.

Kwa sababu hiyo kila kozi ninayemtambua humwingiza katika Kenya Bird Map, mradi unaoigawa nchi nzima katika miraba ya takriban kilomita 9 kwa 9 na kupokea orodha za ndege kutoka kwa mtu yeyote aliye tayari kuandika kwa uaminifu. Mraba wa mji wa Malindi una waandikaji wa kutosha, na wa Watamu zaidi, kwa kuwa A Rocha Kenya, shirika la uhifadhi wa mazingira, wana kituo chao hapo na wageni wao hawachoki. Miraba ya kaskazini, kuanzia Mambrui kupita Ngomeni na mabwawa yake ya chumvi, hutembelewa kwa nadra, ingawa ndiko kozi anayeshuka na upepo wa kaskazini angepaswa kuonekana kwanza. Mwenye pikipiki, darubini na rafiki mmoja wa Ngomeni anaweza kufanya huko kazi ambayo mimi kutoka Malindi siwezi kuifanya kila wiki. Asipomtambua ndege aandike "kozi asiyetambuliwa" na aitunze picha, kwa kuwa jina linaweza kuja baadaye kutoka kwa mwenye jicho bora zaidi.

Katikati ya Desemba jabali huwa limebaki na kunguru na wavuvi. Kozi wa kijivu na wa Eleonora wamekwisha kuvuka kwenda Madagaska, wale wa Amur wamepita kusini hadi Botswana na Afrika Kusini, na mimi huhamishia kamera kwenye mikoko ya Mida kwa ajili ya mwindaji mwingine mgeni, Pandion haliaetus, yule mla samaki mwenye tumbo jeupe na utepe mweusi machoni anayejitupa majini kwa miguu. Wakubwa wake huondoka Machi na Aprili kurudi kaskazini kuzaliana. Wachanga hawafuatani nao. Husalia huku kwenye joto mwaka wa kwanza mzima, na wengine hadi wa pili, kwa hiyo hata kusi ikivuma na mvua za masika zikinyesha, ndege mwindaji anayekutwa kwenye mchu mkavu wa Mida akiwa na manyoya ya mgongoni yenye ncha nyepesi na jicho linaloelekea rangi ya machungwa huwa amezaliwa mwaka uliopita. Maji yakijaa huja karibu na daraja la mbao la kutembelea mikoko, na mwanga wa alasiri upande ule ni mzuri.